Jumamosi Nilizokaa Sebuleni

Bulletin, ripoti ya shule ya binti yangu, ilipokuja na alama tatu za wino mwekundu, za hesabu, fizikia na kemia, nilifanya kile ambacho baba msomi wa Bukavu hufanya: niliikasirikia shule. Nilivaa koti, nikaenda kumwona préfet, nikamtolea maoni yangu juu ya namna ya kufundisha. Mkuu huyo, mtu mwenye subira, alinisikiliza mpaka nikachoka mwenyewe. Kisha akauliza:

"Papa, na hii section ya math-physique, nani aliichagua?"

"Tuliichagua pamoja."

Ulikuwa uongo. Niliichagua mimi. Katika familia kama zetu, mtoto anayeonekana ana akili hupelekwa math-physique, mkondo wa hesabu na fizikia, kama anavyopelekwa kubatizwa. Section ya pédagogie, ya wale wanaotaka kuwa walimu wa shule ya msingi, tunaiacha kwa watoto wa wengine. Nayasema haya mimi niliyesomea fasihi, kwa sababu fizikia ilinikataa nikiwa na miaka kumi na sita, na sikubisha.

Préfet alinieleza hali ilivyo. Ilibaki miezi mitano. Binti asipojikomboa katika masomo hayo matatu, shule ingemtoa. Akanielekeza kwa mama mmoja wa Kadutu aliyefundisha fizikia maisha yake yote na sasa alifanya encadrement, masomo ya ziada nyumbani kwa wanafunzi.

Mama huyo alikuja kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, kwa miguu, na mwavuli kwapani hata pasipokuwa na dalili ya mvua. Nilimpokea kama inavyostahili. Nikaagiza chai na mikate, nikamketisha kwenye kiti kizuri pamoja na binti yangu, nami nikakaa kwenye kiti kinachowaelekea nikiwa na kitabu. Niliamini kwamba mzazi anayesaidia ni mzazi anayeonekana. Binti yangu akiulizwa swali, kwanza ananitazama mimi, halafu anatazama daftari, halafu ananitazama tena mimi.

"Papa, leo hauna kazi?" mwalimu aliniuliza Jumamosi ya pili.

"Leo ni siku ya posho, maman, Jumamosi hakuna kazi. Niko tu."

"Ah. Bon."

Jumamosi ya tatu alisifu jua, akasema ni siku nzuri ya mtu kutembea kidogo. Nilikubaliana naye kwamba jua ni zuri, nikafungua ukurasa mwingine. Huku kwetu mgeni hamwambii baba mwenye nyumba atoke sebuleni kwake. Anazungukazunguka tu mpaka baba aelewe. Mke wangu alielewa siku ile ya kwanza. Mimi, mwenye shahada ya kuchambua maandishi, ilinichukua mwezi mzima, na hata hapo si mimi niliyetoka. Ni wao. Mwalimu alisema macho yake yanahitaji mwanga, akamchukua binti yangu hadi jikoni kwetu nyuma ya nyumba, wakakaa kwenye viti vidogo kando ya mbabula, jiko la makaa.

Nilibaki na chai yangu. Baada ya muda nikawasikia.

"Hapa ulikosea juu ya nini?"

"Nilikimbia, maman."

"Nani alikuwa anakufukuza?"

Binti yangu akacheka. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilikuwa nimemsikia akicheka penye daftari. Badala ya kufurahi, niliona wivu, nikatafuta sababu ya kwenda jikoni kuuliza kama sukari iko.

Majuma sita baadaye alileta karatasi ya fizikia yenye kumi na mbili juu ya ishirini. Aliiweka mezani, kisha akasimama karibu, akijifanya anapanga vikombe.

Basi Jumapili iliyofuata, baada ya misa, kaka yangu mkubwa alikuja kula kwetu pamoja na marafiki zake wawili. Mnajua desturi ya wageni wa kwetu: kabla sahani hazijatolewa, mtoto anaitwa. Kaka yangu ndiye aliyeita.

"Mutoto wetu, lete bulletin tuone kama shule iko inatutengenezea daktari!"

Bulletin ilikuwa bado ile ya wino mwekundu. Nami nilitaka wamwone binti yangu wa sasa. Nikamwambia alete karatasi, atatue équation moja mbele yetu. Niliapa moyoni kwamba ninamheshimisha. Aliinama, akaandika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kufuta. Ndipo mimi, nisiyejua hata kilichoandikwa, nikaona vyema nionekane ninafuatilia. Nikasema neno nililolisikia mara nyingi kutoka jikoni, la alama za kujumlisha na kutoa:

"Angalia signe vizuri."

Akasita. Akanitazama. Akafuta mstari wa tatu, akaandika mwingine, akaufuta nao, kisha kalamu ikasimama.

"Ah!" kaka yangu akasema. "Hii encadrement ni ya kunywa chai tu!"

Wakacheka. Nami nikacheka. Kati ya mambo yote niliyofanya mwaka ule, hicho kicheko ndicho nisichoweza kukitolea maelezo.

Jumamosi iliyofuata mwalimu aliondoka mapema. Nilimsindikiza hadi langoni.

"Papa, alinionyesha ile karatasi. Mustari alioufuta ulikuwa wa sawasawa."

Nilishika komeo la lango.

"Nilikuwa nimemufikisha fasi ya muzuri. Leo kila kintu anaandika, anafuta. Ananiuliza, maman, uko na hakika? Miye njo naulizwa kama niko na hakika!"

"Sasa nifanye nini?"

"Umuombe pole."

Alilisema kama mtu anayetaja dawa inayopatikana kila duka. Lakini baba wa kwetu haombi pole wala radhi kwa mtoto, ananunua kitu. Nilinunua kalkuleta nzuri, yenye vitufe ambavyo sikujua kazi yake. Alisema, "Aksanti, papa." Ilikaa ndani ya boksi lake hadi mwisho wa mwaka.

Siku ya matokeo wazazi hujaa uani mwa shule na maua ya plastiki na poda ya kuwamwagia watoto waliofaulu. Majina husomwa kwa sauti, kuanzia mwenye asilimia kubwa. Nilikuwa na kopo la poda mfukoni mwa koti. Waliposhuka hadi asilimia hamsini, préfet alifunga karatasi, akatutakia likizo njema. Kwenye bulletin ya binti yangu, ambaye jina lake halikusomwa, waliandika aelekezwe section nyingine, mahali pengine.

Njiani nikamwambia, "Usilie."

"Silii, papa," akajibu, na kweli hakuwa akilia.

Ombi la kwenda kuishi Nyantende kwa dada wa mama yake, asomee pédagogie huko, alilipeleka kwa mama yake. Mimi niliarifiwa.

Siku hizi wazazi huniuliza kama namfahamu mtu wa encadrement. Nawapa namba ya yule mama. Nawaambia pia wamwachie chumba, na wageni wakidai bulletin, wawape chakula. Wananiona mtu mwenye uzoefu.

Mwaka jana nilienda Nyantende kumwomba pole. Nilijizoeza sentensi yenyewe njia nzima nyuma ya pikipiki. Nilimkuta barazani akimfundisha binti mdogo wa shemeji yangu huyo kugawanya, kwa maharage ndani ya ungo, akieleza bila haraka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwangu. Aliponiona alisimama. Akanipangusia kiti, akaniletea kinywaji, akaniuliza habari za safari na za watu wa nyumbani. Alama zake, alisema, ni nzuri. Hakuniambia ni ngapi, wala sikuuliza.

Alinisindikiza hadi barabarani. Nikaanza na Jumapili ile ya kaka yangu:

"Ile siku ya tonton yako na marafiki zake..."

"Hakuna shida, papa," akasema, kwa haraka na upole, kama unavyomwambia mgeni aliyevunja glasi yako.

Pikipiki ikasimama. Akamwambia dereva, "Mumupeleke polepole, ni muzee." Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Aksanti ya kututembelea, papa."