Albamu Mbili Bila Mashine

Enzi zetu, mtu akisema ana albamu mpya, ulimtazama kwapani. Albamu ilikuwa kitu cha kubebwa: jalada gumu lenye upana wa sinia ndogo, picha mbele, majina ya nyimbo nyuma, na ndani yake santuri nyeusi iliyovalishwa karatasi nyeupe. Ulipita nayo mtaani polepole ili watu waione. Nazungumzia mwanzo wa miaka ya themanini, wakati muziki wa vijana wa Ulaya ulipobadilika ghafla. Magitaa yalipungua, vinanda vya umeme vikajaa kila mahali, na ngoma ikawa inapigwa na mtambo badala ya mtu. Ninyi wa rika langu mnaujua muziki huo. Wengine waulizeni wazazi wenu.

Nyumbani kwetu tulikuwa na albamu mbili za namna hiyo, na kwa muda wa miaka miwili hatukuwahi kusikia hata wimbo mmoja uliokuwamo.

Nilizaliwa Mahajanga, mji wa bandari katika kisiwa cha Wamalagasi, mtaa wa Tanambao, katika familia ya Wangazija. Baba alikuwa fundi cherehani. Nyumbani tulisema Kingazija, barabarani Kimalagasi, shuleni Kifaransa; Kiswahili hiki ninachoandikia nilikuja kukipata vizuri nilipoolewa Unguja. Ukuta wa mabati ulitutenganisha na jirani zetu Wasakalava, wenyeji wa pwani ile. Mwenye nyumba ile alipakua mizigo bandarini, nasi tulimwita Baba Volasoa, kwa jina la binti yake mkubwa. Volasoa alikuwa rika langu. Tuliruka kamba pamoja, tukapakana liwa usoni kama tulivyowaona mama zetu wakifanya, na Ijumaa hakukosa kuja kwetu kula godrogodro, ule mkate mtamu wa unga wa mchele, tui na iliki. Mama alimkatia kipande kikubwa kuliko changu, nami nilinuna.

Miaka ya sabini ilipokuwa ikielekea mwisho, zikaja zile siku mbaya ambapo Wangazija wa Mahajanga walishambuliwa. Sitasimulia yote. Nitasema tu kwamba Baba Volasoa alituingiza watu saba katika jiko lake, akafunga mlango, akakaa mbele yake siku mbili akitengeneza kiti ambacho hakikuwa kibovu. Siku ya tatu alitusindikiza hadi bandarini. Pale baba alimkabidhi ufunguo wa nyumba yetu.

"Nitaitunza kama yangu," Baba Volasoa akasema.

Wenzetu wengi walipelekwa Komoro. Sisi tulipanda meli ya kwenda kisiwa cha Nosy Be, kwa bibi yangu mzaa mama, tuliyemwita Koko. Alikaa Marodoka, katika nyumba ya mawe ambayo mizizi ilikuwa imeshaingia ukutani. Kila asubuhi upepo ulileta harufu ya maua ya mlangilangi yakichemshwa kutolewa mafuta, na mpaka leo nikiisikia harufu hiyo kwenye chupa ya manukato, nahisi njaa, kwa sababu ilikuja saa ileile tuliyokuwa tukisubiri uji.

Mjomba Ahamada, kaka yake mama, alikuwa mpishi wa meli iliyopita kisiwa cha Maore. Siku moja akarudi na albamu mbili, zawadi yetu sisi watoto. Hakujua kwamba mashine yetu ya santuri ilibaki Mahajanga pamoja na vitu vyote. Alipoambiwa, akasema, "Basi zitazameni." Tukazitazama.

Jalada la kwanza lilikuwa na picha ya kijana wa Kizungu aliyepaka wanja, nywele zimemwangukia jicho moja. Koko alilishika mbali na macho yake.

"Huyu ni bwana harusi au bibi harusi?"

"Ni mwanamume, Koko," akasema kaka yangu Nasuru.

"Basi mama yake alitaka binti."

Jalada la pili halikuwa na mtu, ila miraba na mistari ya rangi. Nasuru alisema hiyo ndiyo ya kisasa zaidi, maana hata yeye haielewi. Yeye ndiye aliyekuwa akitusomea majina ya nyimbo, kwa Kiingereza cha kubahatisha, na kwa kuwa hatukuwa na njia ya kuzisikia, tukazitungia sauti wenyewe. Mimi nilichukua wimbo wa tatu wa upande wa pili wa albamu ya yule kijana. Niliutungia sauti ya polepole, ya huzuni. Niliuimba nikichagua mawe kwenye mchele, niliuimba kwenye foleni ya sabuni na mafuta, maana miaka ile kila kitu kilikuwa cha foleni. Kwa miaka miwili nilikuwa na hakika huo ndio wimbo wenyewe.

Baadaye baba aliandikiwa barua kwamba mji umetulia na wateja wake wa zamani wanamuulizia. Tukarudi. Nilikuwa nimeondoka wa miaka tisa, nikarudi wa kumi na tano.

Nyumba ilikuwa imesimama, lakini ndani ilikuwa tupu. Milango, vitanda, cherehani, hata nyaya za umeme zilikuwa zimeng'olewa. Mama Volasoa alituletea ufunguo, akalia kidogo, akaondoka haraka. Baba Volasoa hakuja. Akipita mbele ya mlango wetu, alitazama chini.

Ijumaa ya kwanza, alasiri, mama alikuwa akimenya muhogo uani. Tukasikia, nyuma ya mabati, mngurumo mara tatu kama wa paka, kisha muziki. Sote tuliujua mngurumo ule. Mashine yetu ilikuwa na tabia hiyo tangu zamani, kunguruma mara tatu kabla ya kushika mwendo.

Nasuru akasimama.

"Kaa," mama akamwambia.

"Mama, ile ni yetu."

"Kitu ulichomwachia mtu humuulizi. Ukimuuliza, umemwita mwizi. Na yule ndiye aliyetuacha hai."

"Na asipoirudisha?"

"Atakaa nayo." Akaendelea kumenya muhogo.

Ikawa hivyo miezi mitatu. Mimi na Volasoa tulikutana kwenye bomba la maji, tukasalimiana kama watu waliotambulishwa jana. Nilimwona amerefuka, amekata nywele fupi. Nilitaka kumuuliza mambo mia. Lakini neno lolote nililolifikiria liliniongoza kwenye ile mashine, nami nilikuwa nimekatazwa. Naye alijaza ndoo yake na kwenda.

Siku moja baada ya chakula cha mchana, mji umelala kwa joto, nilizifunga albamu mbili ndani ya lamba, ile leso ya Kimalagasi, nikazunguka ukuta, nikabisha. Volasoa akafungua.

"Una nini?"

"Albamu. Zetu. Hatujawahi kuzisikia."

Alinitazama, kisha akacheka, kicheko kilekile cha kuruka kamba. "Mna albamu na hamjazisikia?"

"Hatuna mashine," nikasema, na papo hapo nikatamani kulimeza neno lile.

Kicheko kikakatika. Akafungua mlango wote. "Ingia."

Mashine ilikuwa juu ya meza yake peke yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, haina hata vumbi. Pembeni palikuwa na albamu moja tu ya Volasoa mwenyewe, aliyotumiwa na kaka yake kutoka kisiwa cha Rinioni, yenye picha ya dada mmoja aliyevaa koti la kiume. Nikamwomba aanze na wimbo wangu, wa tatu upande wa pili.

Ulikuwa wa mbio. Wa kurukaruka, kinanda kikilia kama ndege wa porini, na yule kijana wa wanja akiimba kwa furaha tupu. Nilikaa pale nimeduwaa. Volasoa aliponiuliza nina nini, nikamwimbia wimbo kama nilivyoujua mimi. Alisikiliza mpaka mwisho. "Wako mzuri," akasema, "lakini huu unachezeka." Akaurudisha mwanzo. Mara ya tatu tulikuwa tumesimama katikati ya chumba tunacheza.

Baba Volasoa alitukuta hivyo. Alikuwa ametoka bandarini, mabega meupe kwa saruji. Nikasimama wima.

"Baba yako amekutuma?" akaniuliza.

"Hapana, baba."

"Mama yako?"

"Hapana. Nimekuja kusikiliza."

Akaiendea mashine, akainua sindano. Kisha akasema, "Toa santuri yako." Nikadhani nafukuzwa. Volasoa naye alidhani hivyo, maana alianza kunitetea. Baba yake alichomoa waya, akafunga kifuniko, akaipandisha mashine begani kama gunia la mchele, akatoka. Hakupita njia ya uani. Alizunguka kwa barabara kubwa, majirani wameshaamka na kukaa vibarazani, nasi tukimfuata, mimi nimezikumbatia albamu zangu.

Baba alikuwa mlangoni anashona kwa mkono, futi shingoni. Baba Volasoa akaiweka mashine miguuni pake.

"Fundi, ulinipa nyumba. Waporaji walipokuja nilikuwa kazini. Nilipofika nilikuta wanatoka na vitu. Nilimnyang'anya mmoja hii. Miaka yote nimejiuliza, nitamrudishiaje mtu mashine ya santuri badala ya nyumba?" Akapangusa uso. "Nilimruhusu mtoto aipige kila Ijumaa ili isife. Kingine sina."

Baba alichomeka sindano kwenye kitambaa, polepole, kama mtu asiyetaka kuipoteza.

"Ulipofunga mlango wa jiko lako, ndani kulikuwa na nani?"

"Ninyi."

"Wangapi?"

"Saba."

"Basi usinihesabie vitu."

Kutoka ndani tukasikia sauti ya mama. "Mwambieni aingie, chai inapoa." Hakukuwa na chai. Nilitumwa mbio kuazima sukari, na niliiazima kwa Mama Volasoa.

Jioni ile tukakumbuka kwamba kwetu hakuna umeme, nyaya zote zimekwenda. Baba Volasoa akaibeba mashine tena begani, akairudisha kwake. Ilikaa huko mwaka mzima na ziada, nasi tukawa tunakwenda na albamu zetu. Baba hakuupenda muziki wenyewe. Alisema yule kijana ana homa. Mama alisema ngoma ile haina mkono. Lakini baba alilichunguza jalada la yule dada wa koti kwa jicho la ufundi, akakata sifongo kutoka godoro kuukuu, akatushonea mimi na Volasoa magauni yenye mabega mapana kama milango, ya kuvaa kwenye dansi ya kufunga shule. Tulilazimika kuingia ukumbini mmoja mmoja. Wiki iliyofuata wasichana kumi walimletea vitambaa, na kwa muda mrefu kila mgeni aliyefika kwetu alikuta godoro limepungua.

Hayo mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Volasoa alimfuata kaka yake Rinioni, na mpaka sasa hunipigia simu kila Idi, yeye asiyefunga. Baba yake alipofariki, baba yangu alikaa na wafiwa siku zote za msiba, kofia yake kichwani, akala walichokula. Sindano za mashine zilikosekana madukani, mota nayo ikaungua, Nasuru akaligeuza lile sanduku kuwa la kuwekea misumari. Albamu moja ililiwa na mchwa. Nyingine iliachwa dirishani ikapinda kwa jua ikawa kama bakuli.

Niliporudi Mahajanga baada ya mume wangu kufariki, nilipanga nyumba nzuri yenye ukuta wa mawe, juu umechomekwa vigae vya chupa. Wajukuu zangu wanakaa nami. Simu zao zina nyimbo ambazo hawataweza kuzimaliza hata wakiishi miaka mia mbili, na wimbo ukikaa nukta tatu bila kuwafurahisha, wanauruka. Kila mmoja amejiziba masikio na wake. Ukiwaita kula, inabidi uwapungie kama unaiongoza ndege.

Juzi mkubwa wao alivua kifaa cha sikio moja akaniuliza, "Bibi, enzi zenu ulikuwa na albamu ngapi?"

"Mbili," nikamwambia. "Na moja ya jirani."

Wakacheka sana. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Jirani yupi?" Akanyoosha kidole kwenye ukuta wetu. "Huyu?"

Nikafungua mdomo nimjibu, jirani si kama huyu, jirani ni mtu kama Baba Volasoa. Nikatazama zile chupa juu ya mawe. Upande wa pili mtu alikuwa anatwanga. Ninamsikia kila siku. Ninaishi hapa mwaka wa nne sasa, na jina lake silijui.