Ndizi za Mabira kwa Bei Ile Ile

Siku yangu ya kwanza kazini, Mpishi Mkuu wa kambi alinivuta sikio kabla hata sijamaliza kumwamkia.

"Wewe ndiye mnunuzi mpya? Basi shika hili. Ukienda kwa watu, usitafune kahawa kabla ya bei."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ninyi mnaonunua mkungu barabarani bila hata kushuka kwenye baiskeli hamtaelewa, kwa hiyo nitaeleza, msiniharakishe. Kambi yetu ilikuwa ya wachimbaji wa bati, upande wa Kyerwa. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vibanja vya Mabira, yaani mashamba ya nyumbani yenye migomba na mibuni, nikiwatafutia wachimbaji ndizi za kupika. Mkungu ulichaguliwa ungali juu ya mgomba. Vidole vikiwa bado na pembe kali, huo mchanga, uache. Pembe zikishajaa, kata. Sasa, kwetu ukifika nyumbani kwa mtu unaletewa amwani, kahawa iliyochemshwa na majani ya kunukia kisha ikakaushwa, ya kutafuna. Ukishaitafuna, wewe ni mgeni wa nyumba ile, na mgeni habishanii bei. Anaipokea atakayotajiwa na kushukuru. Ndiyo maana mnunuzi hodari alikuwa na maneno matamu ya kukichelewesha kile kikapu.

Nami nilikuwa hodari. Acheni nijisifu, wa kunisifu wote wameshakufa.

Ikaja miaka ya shida. Bei ya kahawa ilianguka, ya bati nayo ikafuata. Bwana Meneja akaniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na wakubwa wake na walikuwa wamemkaba koo.

"Unga wa mahindi unaletwa kwa lori, tena rahisi," alisema. "Nenda Mabira. Ndizi zikishuka mpaka bei ya unga, tutaendelea nazo. Zisiposhuka, basi."

Akaamuru niende na Barnaba, kiongozi wa wachimbaji, mtu wa Ngara mwenye kifua kama mlango, ili wenzake wasije wakasema nimewazulia. Njiani nilimfundisha habari yote ya kahawa na bei. Alisikiliza kwa makini, nami nikadhani nimepata mwanafunzi.

Tulianzia kwa Mama Koku, mjane niliyenunua kwake miaka yote. Mibuni yake ilikuwa imechanua, kibanja kizima kinanukia, lakini mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni amejiinamia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mchuuzi wa kahawa alikuwa hapa asubuhi. Anataka butura."

Butura ni kuuza kahawa ingali maua. Unapewa kidogo leo, na zikiiva si zako tena. Utazichuma kwa mikono yako mwenyewe na kuzitia kwenye gunia la mwingine.

"Nimemwambia arudi nitamjibu," akaendelea. "Mkinunua ndizi zangu kama zamani, maua siuzi. Msiponunua, nitafanyaje? Kodi na chumvi havilipwi kwa mkungu."

Mnasikia, jamani? Nami ndiye niliyetumwa kumpunja. Akaingia ndani, akatoka na kikapu. Nikaanza maneno yangu, "Mama, hebu kwanza tuzungumze kidogo," na hapo hapo Barnaba akanyoosha mkono, akachota amwani, akatia mdomoni, akatafuna.

"We Barnaba! Umetuharibia!"

"Najua," akasema. "Si umenieleza mwenyewe njiani?" Akamgeukia mjane. "Mama, bei ni ipi?"

"Ile ile, mwanangu."

"Tumeshukuru."

Nilimfokea njia nzima. Nikamwita mpumbavu, nikamwambia unga huo ataupika yeye. Aliniacha nikachoka, ndipo akasema, "Mke wangu yuko Ngara na kibanja, peke yake. Huko nako kuna mtu kama wewe anakwenda kununua kwake. Namwomba Mungu kila siku mtu huyo awe anatafuna."

Nikarudi nyuma yake, tukaendelea hadi kambini.

Jioni Barnaba aliwakusanya wachimbaji. Walibishana sana, na wengine walitukana, maana sururu haishikwi na tumbo tupu. Mwishowe wakakubaliana: mikungu ichukuliwe michache, kwa bei ya zamani, wale ndizi mara moja tu kwa siku, gharama isizidi ile ya unga. Bwana Meneja aliposikia alivua kofia akajikuna kichwa.

"Mtachimba na njaa?"

"Tutachimba, bwana," alisema Barnaba. "Shida imetukuta sote. Hatuwezi kuitua kichwani kwa wale akina mama."

"Haya. Lakini kazi ikilegea, nitaleta unga."

Habari zilifika Mabira kabla yangu. Akina mama walikuwa wameshapanga zamu, ili kila nyumba iuze kidogo asikose mtu. Na kila mkungu nilioupokea ulikuwa umefungiwa kitu: viazi vitamu, boga, maharage kwenye jani la mgomba. Nikauliza bei.

"Hayo hayauzwi," wakanijibu. "Wapelekee ndugu zetu."

Sitawadanganya, tulikonda. Barnaba mwenyewe suruali aliifunga kwa kamba. Lakini kazi haikulegea, na lori la unga halikuja.

Sasa nimestaafu, nakaa kijijini Ndama, nakula ndizi zilizopondwa kwa sababu ya meno. Vijana wa ushirika huja kuniuliza nani alimsaidia nani wakati ule, mchimbaji au mkulima. Huwa nawakasirikia, halafu nawaonea huruma, maana hata mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mchuuzi alirudi kwa Mama Koku akaambiwa hapana.

Mavuno yalipofika nilipita kwake. Mibuni ilikuwa imeinama, myekundu tele. Alinishika mkono kabla hata ya salamu, akanipeleka katikati ya kibanja, akalivuta tawi moja mpaka usoni pangu.

"Mwanangu, kahawa hii ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Sema tena," akaniambia.