Gia Iliyogoma Kila Asubuhi

Juzi nilipanda ngazi za jengo moja katikati ya jiji, katika yale majengo ambayo kila ghorofa imekatwakatwa vibanda mpaka mtu anapita kwa ubavu. Nilikuwa namtafuta fundi wa kunibadilishia kioo cha simu. Nikiwa nangoja, mkono wangu ukagusa kitu juu ya meza yake: kijiti cha chuma chenye kirungu chekundu kichwani. Nikakisukuma kushoto. Tak! Nikakisukuma kulia. Tak! Rafiki yangu, nusura nipige kelele.

"Madam, hiyo ni ya kuchezea gemu," fundi akaniambia, kana kwamba sijui. Mimi, niliyekosana na nyumba nzima kwa sababu ya kitu kama hicho nikiwa na miaka kumi!

Nyanya yangu alikuwa akikaa Dagoretti Corner, kwenye barabara ya Ngong, nyuma ya maduka, kwenye ploti ya vyumba sita vilivyotazamana. Alitoka Mombasa zamani kumfuata babu aliyekuwa karani mjini, na baridi ya Nairobi hakuisamehe kamwe. Likizo ya Agosti niliipenda mimi na kuichukia yeye. Asubuhi ukifungua mlango, ukungu unakupiga usoni, na nyanya amejifunga leso tatu na sweta kuukuu la babu juu yake, anaulaani mji mzima kwa sauti ya upole. Jiko lake lilikuwa kwenye kona ya sebule, nyuma ya pazia, kwa hiyo chumba kizima kilinukia iliki, ubani na viazi vya karai.

Mwaka huo Ramadhani iliingia kwenye likizo, na mjomba akatuletea kabati la gemu. Alikuwa fundi wa redio mjini, na ukumbi mmoja wa gemu za kulipia karibu na kazini kwake ulipofungwa alipewa kabati hilo tumbo tupu. Lilikuwa refu kumzidi nyanya, limechorwa moto ubavuni. Mjomba akaingiza televisheni ya kichogo na mashine yake ya gemu ya nyumbani. Kisha akaipasua padi moja, ile ya kushika mkononi, akavuta nyaya kutoka kila kitufe chake hadi kwenye vitufe vikubwa vya kabati na kile kijiti, ambacho sisi watoto tulikiita gia. Ili asichanganye nyaya alizifunga nyuzi za rangi alizochomoa kwenye kikapu cha nyanya cha kufumia vitambaa vya makochi. Ole wake siku nyanya alipoutafuta uzi wa manjano!

Siku ya kwanza ukisukuma gia juu, mchezaji anakwenda chini. Mjomba alikuwa ameunganisha nyaya ubao wa gia na vitufe ukiwa kifudifudi, juu ikawa chini. Tulicheka hadi nyanya akatukumbusha tumefunga. Akabadilisha nyaya mbili, na jioni hiyo, baada ya kufuturu, nilicheza gemu kwenye kabati la kweli, nimesimama juu ya kreti ya soda, moyo unanidunda. Kesho yake nikawatangazia watoto wote wa ploti, Waislamu kwa Wakristo: Idi mtakuja kucheza, kila mtu.

Nyanya hakupendezwa. Kabati lilikuwa limekula nafasi ya viti viwili, na kwake Idi ilikuwa wageni. "Sikiza, mjukuu wangu," akaniambia. "Dude hili likifanya kazi siku ya Idi, litakaa, mtapata pa kuchezea msinirukie makochi. Likigoma, mwenye mkokoteni wa vyuma kuukuu nishamwambia apite asubuhi ile. Nataka pahala pa wageni wangu." Nyanya hakuwa mtu wa kutisha bure. Kitanda cha babu kilikwisha kuondoka hivyo hivyo.

Nami nikakubali bila wasiwasi. Basi kabla ya wiki kwisha, gia ikaanza kugoma.

Iligoma asubuhi tu. Naamka, nawasha, nasukuma kulia, mchezaji anakwenda kulia, halafu nikiiachilia haachi! Anaenda tu, anajigonga ukutani. Vitufe viwili navyo vinabonyea visirudi. Nikachomeka padi nyingine nzima, gemu ikacheza vizuri, nikajua mashine haina kosa. Siku nzima nikamngoja mjomba kwa hamu. Akafika magharibi ikikaribia, nyanya anakaanga viazi hapo kando, akashika gia. Tak, tak, tak. Nzima kabisa.

"Mbona iko sawa?" akasema.

"Asubuhi ilikwama, wallahi!"

"Usiape na umefunga," nyanya akadakia kutoka nyuma ya pazia.

Siku tatu mfululizo hivyo hivyo. Asubuhi imekufa, jioni imefufuka. Mjomba akachomea waya mmoja upya, nadhani ili aniridhishe tu, na akanikataza kabisa kufungua ubao. Nilianza kuonekana mwongo. Mtoto wa jirani alichungulia asubuhi moja akaondoka akicheka: "Si ulisema inacheza? Hii kitu yako ni pambo." Nililia nyuma ya choo, nakwambia kweli.

Jioni ya siku ya ishirini na tisa tukatoka uani kutazama mwezi, mawingu yamefunga. Kila mtu aliomba uonekane. Mimi peke yangu niliomba usionekane, nipate siku moja zaidi, na nyanya hakujua kamwe. Redio ikatangaza: kesho Idi. Ploti nzima ikashangilia.

Asubuhi nikakimbilia gia kabla ya kunawa uso. Imekwama. Mjomba alikwisha kwenda msikitini. Nje, nyanya na mama wa saluni, jirani yetu ambaye kila Idi alikuja kumsaidia, walikuwa wanapepea moto chini ya sufuria ya pilau. Na huko barabarani, kwa mbali, nikasikia: "Vyuma kuukuu! Betri! Mabati!"

"Njoo nikuchane," nyanya akaita. Nikakaa kati ya magoti yake na gauni langu jipya, machozi yananilengalenga. Akachukua chupa ya mafuta ya nazi, akaiinamisha kiganjani. Hakikutoka kitu. Yalikuwa meupe, magumu, kama mshumaa.

"Nairobi hii!" akafyonza. "Kwetu mafuta ni maji mwaka mzima. Huku mpaka uyachemshe." Akaitosa chupa kwenye kikombe cha maji moto. Mimi nikaitazama chupa ile, ukingo wake ukianza kung'aa na kulegea, na kitu kikanipiga kifuani. Nyanya alipaka mafuta ya nazi kila kitu: nywele, visigino, bawaba za mlango, cherehani.

"Nyanya, ile gia uliitia mafuta?"

Akaitikisa chupa. "Ilikuwa ikilia kwii kwii nami niko kwenye tasbihi. Nikaionea huruma, yenyewe na vitufe vyake."

Niliruka nywele nusu zimesimama! Mfungo wote jiko liliwashwa alasiri tu, maana daku tulikula viporo, na lilikuwa pale pale kando ya kabati. Mjomba alikuwa akiikuta gia imekwisha kuota moto! Mama wa saluni alielewa kabla sijamaliza maneno. Akatimka kibandani kwake, akarudi na draya ya nywele na spiriti ya kusafishia mashine za kunyolea. Akaupuliza ubao kwa hewa ya moto, sisi tunapangusa, na mafuta yakatiririka juu ya kitambaa cheupe nyanya alichokipiga pasi kwa ajili ya Idi. Nyanya akakikunja, akapangusia upande wa pili. Mwenye mkokoteni akabisha hodi. Nikasukuma gia kulia, nikaiachilia.

Tak! Mchezaji akasimama.

Nyanya alicheka mpaka akashika mlango. Wageni walipofika walimkuta mwenye mkokoteni amesimama mbele ya kabati, watoto wanane wamemzunguka wanampigia kelele avuke daraja la kwenye gemu. Wengine walikula pilau wamekaa kwenye mkeka, wengine kwenye kreti, na hakuna aliyeuliza viti.

Ploti ile leo ni ghorofa. Kabati liliozea kwa mjomba, na nyanya tulimzika miaka mitatu iliyopita. Mimi nakaa mbele kidogo kwenye barabara ile ile ya Ngong, sebule yangu ina viti saba, na Idi iliyopita nilipokea salamu nyingi sana kwenye simu. Viti vilikaa vitupu hadi jioni.

"Unauza?" nikamuuliza fundi, nimeishikilia gia kwa mikono miwili. Alishangaa. Mtu amekuja na kioo kilichopasuka, anaondoka na gia mkononi, akicheka peke yake. Seremala ameshapima mbao za kabati, na viti viwili nimevitoa kulipisha.