Joto la Mgongoni mwa Paneli na Mbegu ya Bi Zaina

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoipika mbegu ya mtu nikidhani naikausha. Bora niseme mapema, kabla hujaanza kuniheshimu.

Wakati huo nilikuwa bado najiita kijana, ingawa goti la kushoto lilishaanza kunikatalia. Nyumba ni hii hii ya Kilole. Mimi si mtu wa safari. Babu yangu alitoka mbali kuja Korogwe kukata mkonge, nadhani alizimaliza na safari zangu pia. Basi nilipofunga sola, kazi yangu ikawa kuziangalia paneli zangu kama mtu aangaliavyo ng'ombe wa mahari. Nikapanda kupigilia bati lililolegea, mkono ukagusa mgongo wa paneli. Kikaango kitupu. Nikakumbuka fizikia ya sekondari: jua linaloipiga paneli, sehemu ndogo ndiyo huwa umeme, kubwa hubaki joto likapeperuka bure. Roho iliniuma. Mbahili hata joto likimpita huona kaibiwa.

Nikaunda sanduku la mbao chini ya paneli, na trei za wavu ndani yake. Hewa iliingia kwa tundu la chini, ikapata joto, ikatokea juu. Nikaanika makopa ya muhogo na mchicha, vikakauka safi, bila vumbi wala kuku. Paneli nazo zikapoa kidogo. Majirani wakaja kutazama, na kichwa changu kikavimba.

Jirani wa mlango wa pili ni Bi Zaina, Mzigua wa Handeni. Yeye mbegu yake ya mahindi huitundika juu ya jiko la kuni ikiwa bado na maganda, moshi uwafukuze wadudu dumuzi. Alipewa na mama yake, naye mama alipewa na wa kwake. Ni mahindi mafupi, hayana sura, lakini mvua ikikatika yanabeba. Mwaka huo paa la jiko lake lilivuja na mbegu ikalowa, masika yakiwa mlangoni.

"Dada Zaina," nikamwambia, "mpaka lini mbegu inuke moshi kama mpishi wa harusi? Lete kwangu."

Akacheka. "Haya, Baba Rehema. Ila weka machache kwanza, tuyaoteshe kwenye kitambaa kibichi tuone. Ndiyo yote niliyo nayo."

"Kitambaa cha nini? Mimi nimesoma haya mambo."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi kipara kilikuwa kimeshaanza. Nikaweka yote. Kisha, kwa kuwa yamelowa, nikaona joto lisitoroke hata chembe: tundu la juu nikalisokomeza gunia. Jioni taa zikawa zinafifia mapema, nikailaumu betri. Kumbe paneli ikichemka huzembea, na mbegu mbichi ikichemka hufa. Darasani tulifundishwa lile la kwanza. La pili alilijua kila bibi wa Handeni, ndiyo maana wakawa na kitambaa.

Mbegu ilitoka imekauka, ikigongana inalia kama kokoto. Bi Zaina akanishukuru, akaniletea ugali wa muhogo na mlenda. Nikala, nikalamba na kidole.

Masika yakashuka, akapanda. Mashamba ya wenzake yakawa kijani, lake jekundu, udongo mtupu. Aliniita. Akafukua kwa kidole, akatoa punje moja, imevimba, imeoza, haina hata dalili ya chipukizi. Akaifuta kwa ncha ya khanga na kunikabidhi mkononi. Hakunitukana. Laiti angenitukana, ningepata pa kujibia.

Mwanangu, nilijificha ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Akipita dirishani na kuuliza, "Hamjambo humo?" mimi nimejibana nyuma ya mlango, nimeshika punje iliyooza kama mwizi aliyekutwa na kuku. Msikitini nikahamia safu ya nyuma. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini ukiyamwaga wewe huna ruhusa ya kulala wakati mwenzio ana kiu. Nikanunua mbegu dukani, nikaenda kumsaidia kupanda upya, goti likilia njia nzima.

Nasaha yangu basi. Joto la paneli ni neema, usiliache lipotee. Likaushie makopa, mboga, hata pilipili, ila liachie njia ya kutokea, maana joto lililofungiwa huiumiza paneli na kilichomo. Mbegu iache, hiyo ni roho imelala. Na akili yako mpya ijaribie mali yako, kidogo kidogo. Cha jirani usikifanyie mtihani, hasa alipokuomba upime kwanza ukampuuza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mungu akupe mikono yenye subira, mvua ikukute umeshapanda, na cha mwenzio kikirudi kutoka kwako kirudi kizima.

Kutoka kwangu hakikurudi kizima. Siku ile ya mbegu ya dukani, Bi Zaina aliupokea mfuko, akaupima kwa mkono, akaniambia: "Hii nitaipanda, kwa sababu watoto lazima wale. Lakini mbegu ya mama yangu, Baba Rehema, usije ukamwambia mtu kwamba ulinirudishia."