Namba Moja Chini ya Muhuri wa Liao

Liao Sung-po, mpimaji wa ajali za barabarani mjini Chiayi, hakuwahi kumtajia hakimu mwendo wa gari kwa namba moja. Lami iliyolowa haishiki tairi kwa nguvu ile ile kila mahali. Kwa hiyo alipima mara nyingi, akakokotoa, akaandika: ni kati ya hapa na pale, na uwezekano wake ni huu. Wenzake walimwita Bwana Huenda.

Elimu hiyo alimrithisha msaidizi wake, Kuo Chih-hsien, ambaye hata ndoa yake ilisimamiwa na Liao. Kama ilivyo desturi ya ofisi zetu, Liao aliuacha muhuri wa jina lake, ulio sawa na saini yake, katika droo ya Kuo, ili kazi zisilale anapokuwa barabarani.

Ikatokea kwamba Tseng Ming-fa, dereva wa lori la mboga, alimgonga mwendesha pikipiki, naye akafa. Mwisho wa mwendo ulioruhusiwa pale ni kilomita hamsini kwa saa. Liao alipata kati ya arobaini na nne na sitini na mbili. Kwa hesabu hiyo, kati ya madereva wanne kama Tseng, watatu wamekosa na mmoja hana hatia. Hilo halitoshi kumfunga mtu.

Mahakamani hakimu akasoma ripoti: "Hamsini na tatu." Chini yake, muhuri wa Liao.

"Namba hii umeitoa wapi?" Liao alimnong'oneza Kuo.

"Ndiyo ya katikati, Mwalimu. Watu wanakucheka kwa huenda zako. Nimekusitiri."

"Kwa jina langu?"

"Si ulinipa muhuri mwenyewe?"

Liao akasimama. "Mheshimiwa, muhuri ni wangu. Namba si yangu, ni ya msaidizi wangu niliyemwachia."

"Basi alizidisha mwendo au hakuzidisha?"

"Yaelekea alizidisha. Kwa hakika sijui, wala hakuna ajuaye."

Hakimu akaikataa ripoti, akaagiza vipimo vipya, na wapimaji wote wawili wasimamishwe kazi: mmoja kwa kughushi, mwingine kwa kuachia muhuri wake.

Ukumbini Tseng akainama. "Mzee Liao, kesho nakuletea kabichi."

"Usilete. Yawezekana uliua kwa mwendo wako."

Kuo alikuwa akingoja penye ngazi.

"Ulipogonga muhuri ule," Liao akamwuliza, "hukuwa na shaka kwamba ningesema?"

"Hata kidogo, Mwalimu. Wewe ni baba yangu. Nilijua utanyamaza."

Liao akampisha ashuke kwanza, kama mtu asiyemjua.