Tambi za Atta na Zamu Yetu ya Mashine

Nianze na kosa langu mwenyewe, kabla mtu wa Temeke hajanitangulia kulisema: niliongeza maji.

Sie tuliokulia huko siku za vita tunajua Idi ilivyokuwa ikianza. Ilianza kwa mashine ya tambi. Mtaa mzima ulikuwa na moja tu, ya chuma, mali ya Bi Zuhura, mke wa Mwarabu mwenye duka, nayo ilizunguka nyumba kwa nyumba katika kumi la mwisho la Ramadhani. Kila nyumba asubuhi moja. Ukisikia chuma kinalia kwa jirani, ulijua kesho ni zamu yenu. Tuliacha gololi tukaenda kutazama nyuzi zikishuka, tukigombania nani azungushe mpini. Nakumbuka harufu ya unga mbichi, mikeka imetandikwa barazani kivulini, na kuku wakifukuzwa mpaka adhuhuri.

Mwaka mmoja Mama alikuwa amejifungua, hata arobaini haijafika. Baba alishinda bandarini Kurasini. Dada sina. Nikasema tambi nitafanya mie. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nimetazama tu, na mtoto mwenye wasiwasi kama mie alitazama mpaka akahesabu vidole vya anayekanda.

Unga ulikuwa atta, ule mwekundu wenye pumba zake, maana mweupe ulikuwa umeadimika. Tulikuwa na bakuli moja, na humo ndimo zilimotakiwa kutoka sahani za majirani wote. Nyumba isiyopeleka sahani asubuhi ya Idi ilisemwa mpaka Idi ya pili.

Nikakanda. Unga ukakatikakatika kama udongo mkavu. Sikujua kwamba pumba hunywa maji polepole, kwamba donge la atta hufunikwa kitambaa kibichi likaachwa lipumzike. Nikaongeza maji. Ukabaki ufa mmoja. Nikaongeza tena, kwa ajili ya ufa ule mmoja. Nilipozungusha mpini hazikutoka nyuzi. Kilitoka kitu kimoja kinene, kikaning'inia, kikaanguka mkekani. Kuku akaja, akakitazama, akaenda zake.

Nikakaa jikoni na bakuli mapajani. Nilitaka kusema mashine ni mbovu. Hata maneno nilikuwa nimeshayapanga.

"We Bakari, mbona chuma kimenyamaza?" Mama aliita kutoka chumbani.

Maneno niliyoyapanga yakapotea. Nikaingia na bakuli. "Mama, nimeharibu unga wa Idi. Wote."

Akamlaza mtoto, akachovya kidole. "Ngoja nionje, mie sijafunga. Mm. Chumvi umeipatia. Hilo jingine litafutiwe dawa."

Dawa ikapiga hodi wakati uleule. Alikuwa Mama Hamisi, jirani yetu ambaye zamu yake ilifuata yetu.

"Shikamoo, Mama Hamisi."

"Marahaba. Nimefuata mashine." Akachungulia bakuli. "Haya! Mwenzetu unafanya tambi, au unataka kupiga lipu ukuta?"

Mama akacheka mpaka akashika tumbo. "Usinichekeshe, mwenzio mzazi!"

Mama Hamisi akarudi kwake akaleta unga wake, atta vilevile, akaumimina juu ya wangu kidogo kidogo, akakanda, akafunika. "Hapo usiguse. Kalia mikono yako." Nikaikalia kweli. Alipofunua, donge lilikuwa laini kama ndewe ya sikio. Tukazungusha. Nyuzi nyekundu zikashuka, hii nene, ile fupi. Nikaanza kuzipanga mkekani kwa urefu, akanichapa kiganja: "Zinaliwa hizi, hazivaliwi!" Tukagawana nusu kwa nusu.

Asubuhi ya Idi tambi zilikaangwa kwa samli, zikapikwa kwa tui na iliki. Mama akanituma kwa Mama Hamisi na sahani imefunikwa kawa. Njiani nikakutana na Hamisi, naye ana sahani imefunikwa kawa, anakuja kwetu. Tambi zilezile! Tulicheka pale njiani nusura tuzimwage. Lakini sahani ya Idi hairudishwi. Kila mmoja akafikisha yake, na watu wa nyumba zote mbili wakala wakisifu mkono wa jirani.

Najua mtaniuliza, kijana kama wewe una enzi gani? Lakini wadogo zetu wanadhani tambi huota ndani ya pakiti. Za dukani ni nyeupe, zimenyooka, zote urefu mmoja, kama nilivyozitamani. Kila nyumba inanunua zake, hakuna anayemngoja mwenzake, na asubuhi ya Idi sahani njiani zimepungua. Mashine ya Bi Zuhura sijui iliishia wapi.

Nami nimebadilika kwa jambo moja: nikiharibu kitu, nasema siku hiyohiyo.