Mpekuzi wa Mabegi

Hapa Sotik kuna jirani yangu anayefundisha watu kupita uhamiaji wa Ulaya. Hulipekua begi la mteja kama ofisa mwenyewe, miwani puani, vidole vikipapasa hadi mishono. Mwaka wa tisini na nne Edinah, mteja wake wa sasa, aliwaambia maofisa wa London amekuja kutembea wiki mbili tu, begi likatoa kadi ya kwaheri ya kwaya: "Ukipata kazi usitusahau." Akarudishwa. Tikiti ya pili imekula ng'ombe wake wa mwisho. Safari hii jirani alichomoa barua ya pasta, ya shangazi, hata ya chama cha akina mama.

"Dada, karatasi ndiyo inakurudisha," akasema, akifunga zipu. Kisha akaifungua tena, akachomeka bahasha chini ya sweta.

"Hii ni ya ndugu yangu kule. Namwambia anitafutie kazi."